Jibu la Msimamizi

Wening aliingia kwenye jengo la maduka ya kompyuta la Mangga Dua akiwa amefura, blauzi ya zambarau imemganda mgongoni, kompyuta kaikumbatia. Kazi yake ilikuwa kusanifu kadi za harusi za watu wengine, na leo mashine imegoma. Penye ngazi akapamiana na kijana mrefu wa kabila la Batak, fulana yake imechujuka.

"Pole, dada. Virusi?"

"Umejuaje?"

"Uso wako unasema. Toa Windows, weka mfumo wa Linux. Ni ya bure."

"Nikikwama nimuulize nani? Windows hata fundi wa jirani anaijua."

"Kweli, Windows ni rahisi kuanza. Linux ina mengi ya kujifunza. Lakini una watu elfu wa kuwauliza, na mimi Parlin ni wa kwanza."

"Kumbe unatafuta namba ya simu."

Parlin akacheka. Namba akapewa.

Parlin akamwekea Linux, na mwezi mzima simu hazikukatika.

"Mpenzi, picha zimepotea."

"Bonyeza pale juu, kipenzi. Umekula?"

Wening akaanza kubuni matatizo ili tu amsikie.

Kisha printa ikamshinda kweli, kadi mia nne zikisubiriwa kesho yake. Alikwisha kumpigia Parlin mara tisa siku hiyo, akaona haya. Akaingia kwenye baraza la mtandaoni, wanakoulizana watumiaji wa Linux, akauliza kwa jina la bandia. Jibu likaja upesi: "Soma mwongozo kwanza. Mfumo huu si wa wavivu. Mada imefungwa." Chini yake jina la msimamizi: Parlin.

Moyo ulimchoma. Fundi wa jirani akamrudishia Windows, kadi zikatoka. Simu za Parlin hakuzipokea siku nne. Kila simu ilipolia aliinuka, akazunguka chumba, akaketi, akainuka tena.

Siku ya tano Parlin akabisha hodi, amevaa shati la batiki lililopigwa pasi.

"Nilikuja kuuliza wazazi wangu waje lini kwenu," alisema, macho kwenye skrini yenye Windows. "Kumbe umeniacha mimi na Linux pamoja."

Wening akamwonyesha lile jibu. Parlin akalisoma mara mbili.

"Sikujua ni wewe."

"Hapo ndipo panaponiuma. Ukijua ni mimi, kipenzi. Usipojua, mvivu. Ukishanizoea nitakuwa yupi?"

Parlin aliomba kiti, akaifungua ile mada, akaandika mbele ya wote: "Nilimjibu mwenzetu vibaya. Swali lake lilikuwa la haki." Kisha akaeleza jinsi ya kuunganisha printa, hatua kwa hatua.

"Kuna wengine niliowajibu hivyo," akasema polepole.

Wening alimtazama. Alimpenda, na bado aliogopa.

"Wajibu wote upya, mmoja mmoja. Ukimaliza, waambie wazazi waje."

"Ni mia mbili na kitu, Wening."

"Basi harusi itachelewa kidogo."