Mstari Uliobanduka

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja na kuinjika uji, Evelina alifungua kaunta buku la marehemu mama yake na kusoma wimbo mmoja. Hakuimba. Aliyafuata tu maandishi yale yaliyolalia upande wa kulia, kisha akalirudisha daftari chini ya mto na kuanza kazi. Alikuwa darasa la sita, na tangu mama afariki aliishi na baba yake peke yao huko Buhongwa. Baba yake, Masele, alikuwa fundi baiskeli.

Mama alikuwa mtunzi wa kwaya ya kanisani. Nyimbo zake zote zilikuwa humo, na ule wa mwisho aliuandika akiwa tayari mgonjwa kitandani. Kwaya haikuwahi kuuimba, na Evelina hakuwahi kuthubutu kuusoma mpaka mwisho. Sasa yalibaki majuma matatu kufikia kumbukumbu ya mwaka mmoja, na wanakwaya walikubaliana kwamba siku hiyo wataimba huo. Tatizo lilikuwa daftari lenyewe. Mgongo wake ulikuwa umekatika, na kila likifunguliwa karatasi zilichomoka.

"Lipeleke mjini kwa Bi Maulida," baba alimwambia Jumamosi. "Yule anayejalidi vitabu nyuma ya soko. Anashona misahafu na rejista za shule tangu mimi sijaoa. Mwachie, atalifunga upya."

Evelina alikwenda. Alimkuta Bi Maulida, bibi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, akikoroga gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria. Bibi alilipapasa daftari mgongoni kama mtu anayempima mgonjwa.

"Liache, mjukuu wangu. Urudi baada ya wiki mbili."

Wiki mbili! Evelina aliona ni sawa na kuambiwa amwache mama yake kwa watu asiowajua. Akasema atarudi, akaondoka nalo kifuani. Njiani alinunua selotepu na gundi ya viatu. Kwani kubandika karatasi nako kunahitaji kusomea?

Alipofika nyumbani, baba alikuwa bado kazini. Alipaka gundi mgongoni, ikavuja na kugandisha kurasa nne pamoja. Ukurasa wa wimbo wa mwisho ulikuwa umechanika chini, naye akapitisha selotepu juu ya maandishi. Ikakaa upande. Alipoibandua ainyooshe, ilitoka na wino. Mistari miwili ya ubeti wa mwisho ilibaki kwenye selotepu, imevurugika, haisomeki tena. Evelina alikaa sakafuni akiishika, na moyo ukamuuma kama siku ile ya mazishi.

Alilificha daftari. Kila baba alipouliza, alijibu kuwa liko kwa fundi. Wiki mbili zilipotimia hakuwa na pa kukimbilia, akalitoa.

Masele alifungua kurasa polepole mpaka akafika ule wa mwisho.

"Nani kalifanya hivi?"

"Fundi, baba." Neno lilimtoka hata hajalipima.

Masele hakuwa mtu wa hasira, lakini safari hii alisimama ghafla. "Mimi nikimharibia mtu gurudumu, namwambia nimeharibu. Huyu anarudisha kitu cha marehemu katika hali hii na kukaa kimya? Vaa viatu, twende."

Walipofika nyuma ya soko, Bi Maulida alikuwa akizungumza na mwalimu mmoja aliyeleta rejista sita za kushonwa. Masele hakusalimia. Alilitua daftari juu ya meza.

"Mama, kazi yako ndiyo hii?"

Bi Maulida alifuta mikono, akalifungua, akalinusa. "Hii si kazi yangu, baba."

"Binti yangu alilileta hapa!"

"Alilileta, akaondoka nalo. Pekua humu ndani mwote. Ukipata selotepu, leo nafunga karakana."

Alimtazama Evelina bila ukali wowote, na macho yale yalimchoma mtoto kuliko fimbo. Wakati huohuo mwalimu akaanza kukusanya rejista zake, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyebadili mawazo. Evelina aliiona mikono ile ikipunguza kazi ya bibi wa watu mezani.

"Ni mimi," alisema. "Bibi hakuligusa. Niliona uchungu kuliacha, nikalibandika mwenyewe. Baba, nilikudanganya."

Uso ulimshuka Masele kwa aibu. Kisha akamgeukia yule bibi na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilipaswa kuanza na hiyo. Nisamehe sana."

Mwalimu alizirudisha rejista zake zote sita mezani.

"Kumbukumbu ni lini?" Bi Maulida aliuliza.

"Jumapili ijayo," Masele alijibu.

"Basi kazi nyingine zitasubiri. Lakini wewe binti, utakuja kila siku ukitoka shule. Nataka ujue kwa nini nilikwambia wiki mbili."

Evelina alikuja kujua. Siku mbili nzima zilikwisha kwa kukwangua gundi ya viatu kwa kisu butu, kidogokidogo, mpaka shingo ikakakamaa. Siku ya tatu walibandika vipande vya karatasi nyembamba palipochanika, kwa gundi ya unga. "Hii," bibi alisema, "fundi wa kesho akitaka kuifumua, ataibandua kwa kitambaa chenye maji. Hiyo yako ya viatu haimpi nafasi mtu mwingine." Kisha walikunja karatasi kwa mafungu, wakayatoboa matundu kwenye mikunjo, na Evelina akashona fungu la mwisho kwa mkono wake. Bibi alilifumua mara mbili. Mara ya tatu aliguna tu, na Evelina akajua limekubalika.

Ilibaki ile mistari miwili. Masele alimleta Rebeka, aliyekuwa akiimba kwaya pamoja na marehemu, na ambaye marehemu alimwimbia wimbo ule mara moja tu hospitalini. Rebeka alifumba macho.

"Wa kwanza naukumbuka. *Nikichelewa, msinisubiri mlangoni.*" Alitafuta wa pili kwa muda mrefu, kisha machozi yakamtoka. "Umenipotea, mwanangu. Umepotea kabisa."

Evelina alimnong'oneza Bi Maulida, "Mwandiko wa mama nauweza. Naweza kuuiga, na wa pili nikatunga. Hakuna atakayejua."

Bi Maulida aliweka sindano chini. "Kiraka changu kinaonekana, nami nataka kionekane. Anayekisoma kitabu ana haki ya kujua palipoharibika na aliyepatengeneza. Andika kwa mwandiko wako, mstari mmoja tu. Usioujua, uache wazi."

Evelina aliandika hivyo. Daftari likafungwa kwa jalada gumu la kitambaa cha buluu, likalazwa chini ya mawe mawili laini ya ziwani usiku na mchana.

Jumapili, baada ya ibada, watu walijaa uwanjani Buhongwa, na Bi Maulida alikaa mkekani pamoja na majirani. Rebeka alishika daftari, kwaya ikaimba. Palipofika ule mstari mtupu, hawakutamka neno. Waliivumisha sauti tu, midomo imefumbwa, kisha wakaendelea. Evelina alilia waziwazi, na Masele akamkumbatia.

Wageni walipopungua, alimwendea Bi Maulida na kupiga magoti mbele yake.

"Mstari ule hautarudi, sitakudanganya," bibi alisema. "Uliondoka kwa sababu ulifanya haraka kazi usiyojifunza. Kila mtu hukosea hivyo, hata mimi nimeharibu vitabu nikijifunza. Lakini jina langu nalo lilikuwa linaharibika pale mezani. Karatasi ningeweza kuitengeneza mimi. Ule uongo hakuna fundi ambaye angeutengeneza, ila wewe, kwa kusema kweli mbele ya watu walewale. Ulifanya hivyo. Kumbuka hilo daima."

Evelina alifuta uso kwa ukingo wa khanga yake.

"Bibi, kesho nikitoka shule, nije?"

"Njoo," Bi Maulida alisema. "Rejista za mwalimu bado zinatusubiri."