Kichwa cha Udongo cha Shadia

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, hata Shadia alilicheka. Alikuwa mwaloni Katonga, ufukweni kwa wavuvi, akigeuza dagaa juani, jirani yake Melania akaja kusimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Mama Hidaya, asubuhi nimekusalimia kwa Kiha, 'mwidiwe', pale bombani, ukaninyamazia. Nimekukosea nini?"

"Bombani mimi? Nipo hapa tangu alfajiri, dada."

"Ulikuwa wewe. Ila uso ulikuwa umekuvimba, nikajua umelia."

Siku ya tatu hakucheka tena. Hidaya, bintiye wa miaka saba, alirudi kutoka chuo cha Kurani adhuhuri amenuna. "Mama, kwa nini ulikuja kusimama dirishani wakati tunasoma? Wenzangu wamenicheka. Wanasema mama yangu ananuka matope."

Nyumba yao ilikuwa Ujiji, na mwenye sauti ndani yake alikuwa mama mkwe, Bi Tausi. Siku ya harusi, Shadia alipofunuliwa ushungi, Bi Tausi alisema mbele ya wanawake wote, "Mwanangu Kabwe umeoa pua, mke atafuata nyuma." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo pua ile ikawa kitoweo cha nyumba hiyo kwa miaka kumi na moja. Chai ikichelewa, pua imeziba njia. Mtoto akilia, ameiota pua ya mama yake. Midomo nayo ikaitwa ya kambare. Kabwe hakuwahi kumpiga mkewe wala kumtukana. Alicheka tu, na watu walimsifu kuwa mume mwema! Kicheko chake ndicho kilichomkata Shadia kuliko maneno ya mamake.

Kioo cha nyumba kilikuwa chumbani kwa Bi Tausi. Shadia aliacha kukitazama zamani. Mtandio aliufunga kwa kupapasa, na wenzake wakipiga picha kwa simu alikuwa wa kwanza kujificha nyuma ya mgongo wa mtu. Ajitazame kwa nini? Sura yake aliijua, akifumba macho anaiona.

Siku ya tano alitoka mwaloni mapema. Jua lilikuwa la utosi na mtaa umetulia. Alipofika uani alisikia mtu anaimba jikoni kwa sauti ya chini, wimbo anaoimba yeye akimsuka mwanawe, na harufu ya matope ya ziwa ikamjia puani, nzito, ya matope yaliyokaa chini miaka mingi bila kuguswa, akasogea mlangoni taratibu, akaona mgongo wenye kitenge chake mwenyewe kile alichokianika asubuhi, akaona vidole vilivyolowa vinapita kwenye nywele za Hidaya aliyekaa mkekani ametulia tuli, na kile kilichokuwa kinasuka kikageuka kikamtazama, pua imetanda shavu hadi shavu, midomo inaning'inia, macho madogo yamezama ndani.

Kilichomtisha Shadia si ugeni wa sura ile. Aliijua. Ni yake, ile anayoiona akifumba macho.

Hidaya akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakujua amkimbilie nani.

Shadia alipiga ukelele akamnyakua mtoto. Kule nyuma kulibaki kitenge kimeanguka na matope mabichi kwenye mkeka. Usiku ule hakulala, lakini woga ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa hasira, maana mwanawe alisitasita.

Maalim Mrisho, mtabibu wa mtaa wa pili, alimsikiliza Shadia mpaka mwisho. Dawa yake ilijulikana: mgonjwa hufinyanga kichwa chake kwa udongo mbichi bila kutazama kioo, jini likasomewa liingie humo, kisha kichwa kikayeyushwa ziwani. Alitaka watu wote wa nyumba wawepo.

Shadia alifinyanga ameketi ufukweni, watu wamempa mgongo. Alipomaliza wakageuka.

"Huyu nani?" Kabwe aliuliza kwa kunong'ona.

"Mimi."

"Hapana, mke wangu. Wewe huna pua hii."

Hidaya alijificha nyuma ya baba yake. "Ndiye aliyenisuka."

Maalim alikiinamia kichwa kile. "Nimetibu majini yanayoiba sura za watu," alisema polepole. "Hili halikuiba. Limekuta nyumba imejengwa, haina mtu, likahamia. Nani amekuletea udongo huu, mwanangu?"

Shadia alisimama. Aliingia majini hadi magotini, akang'oa pua ya udongo akaiinua juu.

"Hii ni yako, mama!"

"Jamani, ule si utani tu wa nyumbani?" Bi Tausi alisema.

"Utani gani wa miaka kumi na moja? Mimi nilicheka lini?" Akaitupa. Maji yakachemka pale ilipozama. Akang'oa midomo. "Na hii yako, Kabwe. Mama yako alisema, wewe ukacheka. Kila siku ulicheka!" Akaitupa. Harufu ya matope ikapanda, na chini ya maji kitu kikalia kwa sauti yake Shadia. Naye akakilaani kwa sauti hiyohiyo, akakandamiza kichwa kizima chini mpaka kikayeyuka vidoleni.

Melania, aliyekuja pia, alimletea simu ajione. Shadia alijigusa pua huku akitazama. Ilikuwa pua tu. Alilia kwa uchungu, maana hata ingekuwa kubwa ingekuwa yake, na nani aliwaruhusu kuicheka?

Kabwe aliomba radhi palepale mchangani. Bi Tausi aliomba siku ya pili, kwa shingo upande.

Juma moja likapita kwa amani. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, Shadia alimkuta Hidaya uani akichora ukutani kwa mkaa. Alikuwa amechora uso wa mtoto, na katikati ya uso pua imetanda shavu hadi shavu.

"Huyu nani, mwanangu?"

"Mimi." Hidaya aliinamisha kichwa. "Bibi kasema nimeirithi. Kasema nisikwambie."

Shadia alivua mtandio akaanza kuusugua ukuta, anasugua kwa hasira, akimwita Bi Tausi kwa jina lake tupu, bila heshima, majirani wote wasikie. Ndipo ikamjia harufu ya matope.

"Mama," Hidaya aliita kutoka jikoni.

Hidaya alikuwa amesimama mbele yake, kinywa amekifumba.