Jaribio la Kumi na Tisa

Kwetu asubuhi huwezi kuweka kikombe mezani kabla hujasogeza karatasi. Mama ni mwalimu wa chuo, na kwa miaka minne amekuwa akiandika kitabu cha sayansi cha darasa la sita. Kitabu chenyewe tumekizoea kama mgeni aliyesema analala siku moja, kisha akahamia. Mama amechoka hadi macho. Mimi nilikuja likizo kupumzika, nikaajiriwa papo hapo, bila mshahara, kupanga kurasa.

Kazi ngumu zaidi alipewa mdogo wangu. Ana miaka kumi na miwili, na tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Alitakiwa kufanya majaribio yote ishirini na mawili ya kitabu, kwa kufuata maandishi tu, kisha aweke tiki kwenye kila lililofanikiwa.

"Usifanye unachokijua," Mama alimwambia. "Fanya kilichoandikwa. Mtoto atakayesoma kitabu hiki hatakuwa na mimi wa kumwuliza."

Basi sikilizeni. Jana kitabu kilikuwa kinaingia mtamboni kuchapwa saa sita mchana. Saa mbili asubuhi, tukinywa chai, Mama akatusomea ukurasa wa shukrani kwa sauti ya mtu anayesinzia: "Namshukuru binti yangu mdogo, aliyefanya kila jaribio kwa mikono yake."

Nikamgeukia Chiriku nimtanie. Alikuwa kimya. Chiriku, kimya. Nikajua kuna jambo.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Mama," akasema huku akiangalia kikombe chake, "la kumi na tisa sikulifanya. Nilichoka. Nikaweka tiki tu."

Mama hakugomba. Aliweka kikombe chini polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

"Na mengine?"

"Mengine nimefanya yote, haki ya Mungu."

"Leteni chupa."

Jaribio lenyewe ni la kuchuja maji machafu. Tukakaa sakafuni jikoni, mimi nasoma, Chiriku anafanya, Mama amesimama anatuangalia. Kata kitako cha chupa ya plastiki. Igeuze, mdomo uelekee chini. Weka pamba, juu yake mchanga, juu yake kokoto. Mimina maji.

"Dada, kifuniko nifungue?"

"Imeandikwa?"

"Haijaandikwa."

"Basi kiache."

Akamimina maji ya tope. Tukasubiri tone lidondoke kwenye bakuli. Wapi. Akamimina tena, yakafurika, yakamwagikia Mama miguuni. Mama aliitazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

"Nimesahau kuwaambia wanafunzi wafungue kifuniko," akasema. "Ukurasa huu nimeupitia mara tisa."

Akampigia simu mhariri, yule anayekiandaa kitabu kwa ajili ya kuchapwa.

"Mwalimu, usiniambie umebadilisha kitu."

"Sentensi moja tu. Ukurasa wa themanini na nne."

Tukamsikia akishusha pumzi. "Mwalimu, kitabu hiki kitatuzika."

"Kituzike kikiwa sahihi, ndugu yangu."

Mhariri akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka juzi, kisha akaiandika.

Chiriku alikuwa anapangusa sakafu na pua inamtiririka. "Mama, nitoe kwenye shukrani."

Mama akakaa chini karibu naye, palepale penye maji. "Mwanangu, kila mtu huchoka. Mimi nilichoka nikasahau kifuniko. Lakini ungepaacha pale bila tiki, ningejua pa kuangalia. Tiki yako ilinifumba macho. Siku nyingine ukishindwa, niachie pengo. Pengo nitalijaza. Uongo nitaujazaje, na wala siuoni?"

"Sasa shukrani je?"

"Fungua kifuniko, fanya tena. Maji yakipita, ile sentensi itakuwa kweli, na sitaigusa."

Akafanya. Tulikaa tukiikodolea macho chupa kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Tone la kwanza likadondoka, likafuata la pili, na hayakuwa na tope. Chiriku akachukua kalamu, akaikata tiki ya zamani, akaweka mpya kando yake.

Nikageuka nimwite Mama aje aone. Alikuwa amelala, mgongo kwenye kabati, miguu bado imelowa. Nikafungua mdomo, Chiriku akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Chiriku, kuninyamazisha mimi. Nikanyamaza.