Orodha ya Walioshuka

Bilkisi alikuwa anasonga bukari, mwiko mikononi na jasho machoni, binti yake Shida alipokuja kumwambia kwamba mashine ya mezani imewaka.

"Nani ameigusa?"

"Hakuna mutu, mama. Imewaka yenyewe."

Jambo hilo halikuwezekana. Kompyuta ile ya koperative ya wachimbaji ilikuwa imekaa na skrini nyeusi tangu asubuhi, ikiandika mstari uleule kwamba haioni mfumo wa kuwashia. Diski yake ya zamani iliharibiwa na maji ya mvua. Bilkisi, anayetengeneza mashine za watu hapohapo nyumbani, alikuwa ameokoa karibu yote na kuyahamishia kwenye diski mpya. Kilichobaki ni kile kipande kidogo cha mwanzo ambacho mashine hukisoma kabla ya kuamka. Alikuwa amekifuta na kukiandaa upya, lakini amri ya mwisho, ya kuandika faili za kuwashia, alikuwa hajaiandika. Aliiacha ili apike.

Akaipua sufuria, akaingia sebuleni.

Kwenye skrini daftari la wachimbaji walioshuka shimoni lilikuwa limefunguka lenyewe kwenye siku ya maporomoko. Chumba kilinuka udongo mbichi. Chini ya meza ile palikuwa na shimo: mpangaji wa zamani alichimba kobalti humohumo sebuleni, kama wengi mtaani, na mwenye nyumba akaja kulifunika kwa zege. Njia zake za chini zinafika wapi, hakuna aliyejua.

Bilkisi aliiona ile ajabu, lakini alimfikiria zaidi Mama Beya. Mwanawe René, mchimbaji, hakuwa ameonekana tangu shimo la koperative lilipoporomoka wiki tatu zilizopita. Koperative ilisema siku ile hakushuka, kwa hiyo hakuna aliyechimba kumtafuta, na mama yake hakuweza hata kuweka kilio. Alimwomba Bilkisi kitu kimoja tu, asomewe majina ya walioshuka.

Akampigia simu, akasoma kwa sauti kubwa kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya. Jina la kumi na moja lilikuwa Ilunga René.

Chini ya meza mtu akaitika, taratibu.

"Niko."

Shida akamshika mama yake kiunoni, na Bilkisi akabaki na simu sikioni, maana ile sauti haikunyamaza bali iliendelea kuyaitikia yale majina mengine aliyokwisha kuyasoma, moja baada ya lingine, kila jina kwa sauti yake, niko, niko, niko, na kila sauti ilikuwa juu kidogo kuliko iliyotangulia, kama watu wanaopanda kwa kukanyaga vile vishimo vinavyochongwa kwenye ukuta wa shimo, mpaka ya mwisho ikatoka palepale chini ya zege.

Kwenye simu Mama Beya alikuwa amesikia yote.

"Mama Shida," akanong'ona, "usirudie. Ile haina sauti ya mutoto yangu. René hakukuwa anatosha neno moja mu kinywa bila kigugumizi."

Asubuhi Bilkisi alipeleka picha ya ukurasa ule koperative. Wakaona jina la René, wakachimba. Siku ya tatu walimpata René, na mama yake akamlilia.

Tata Sadrack, mchimbaji mzee wa jirani, alikuja na chumvi ya mawe, akaimwaga kuzunguka zege huku akigomba.

"Mukubwa wa shimo njo anaita majina, tena pa mulango ile aliwashusha. Weye umewaita pa mulango ingine. Ile kitu iko chini sasa inajua munaita. Hapa musiite tena mutu jina."

Bilkisi akauliza mpaka lini. Mzee akajibu kwamba yeye alileta chumvi tu.

Akaiandika ile amri ya mwisho, mashine ikawaka vizuri, akairudisha kwa wenyewe. Mumewe Hamadi, mwenye lori la kwenda Fungurume, akaanza kutafuta nyumba nyingine. Siku moja Bilkisi alisahau, akamwita kitindamimba wake kwa jina kutoka jikoni, na Myriam akaitika kutoka sehemu mbili. Tangu hapo hakuita mtu.

Jioni ya Ijumaa alipakua bukari na mboga ya sombe, akagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko mara tatu, kama walivyokubaliana. Hamadi akaja, Shida akaja, Myriam akaja mikono ikichuruzika maji. Akawahesabu kwa kuwagusa kichwa. Wote walikuwepo. Akakaa, akamega tonge.

Sebuleni, chini ya zege, kitu kikagonga mara tatu.

Myriam akaweka tonge lake, akainuka.

"Mama," akasema, "banatuita tukule."