Msamaha wa Sebuleni

Watu wa kwetu, kisa hiki nimekisimulia sokoni Mosocho na nimekisimulia matangani, na kila mara mnatikisa vichwa, mnaguna, kisha mnarudi nyumbani kufanya yale yale. Nimechoka nacho. Lakini kwa kuwa bado kuna wazazi wanaowaita watoto wao sebuleni ili "tumalize mambo kinyumbani", kaeni niwasimulie tena.

Ilikuwa Sabato, alasiri. Mzee Jethro Ombui, mkulima wa majani chai huko Gesima na mzee wa kanisa tangu ujana wake, alikuwa ametoka ibadani, amekula akashiba, na sasa ameketi mbele ya nyumba bila viatu. Siku hiyo hakuna anayechuma chai, kwa hiyo vikapu vilikuwa vimeegemezwa ukutani. Mkewe, Nyakerario, alikuwa amejilaza ndani. Binti yao Lavender alikuwa kwenye kivuli cha migomba, simu mkononi. Jethro aliipenda saa hiyo kuliko zote za juma.

Lavender ndiye aliyeendesha ukurasa wa Facebook uitwao Macho Yetu. Hakuwa na ofisi wala mshahara. Asubuhi alichuma chai na wazazi wake, jioni akaandika habari za kwetu. Majuma machache kabla ya Sabato hiyo alikwenda kwenye mfereji mpya wa maji ya bomba karibu na shule, ule wenye bango kubwa la kutangaza kwamba mradi wa maji umekamilika, akaufungua mbele ya kamera ya simu yake. Mfereji ukapuliza hewa, ukanyamaza. Lavender akasema, "Haya ndiyo maji tuliyoletewa. Mwanakandarasi ni Bwana Anyona. Tunamwomba atueleze." Ni hayo tu. Hakumtukana mtu, hakumwita mtu mwizi. Video ile ikasambaa Nyamira yote.

Nani alimtuma? Msiangalie chini. Mlimtuma nyinyi. Mlimpigia simu mkisema, "Tusemee, wewe una ukurasa." Lakini polisi walipompigia kumwambia afike kituoni Jumatatu, kwa madai ya kuchapisha habari za uongo mtandaoni, nyinyi nyinyi mkawa hamshiki simu zake.

Kwa bahati, kabla ya Sabato hiyo alikuwa amekwenda Kisii mjini kumwona Nyanchoka, wakili anayewasaidia wanablogu. Nyanchoka alimwambia kwa maneno mepesi: "Katiba imekupa haki ya kunyamaza na haki ya kuwa na wakili. Kwa hiyo usijieleze kwa mtu, usitie sahihi mahali, na usikubali kurekodiwa. Jumatatu tutakwenda pamoja."

Jethro alipoambiwa hayo aliitikia kwa kichwa tu. Moyoni hakuyapenda. Tangu lini mtu wa nyumba yake akahitaji wakili?

Basi alasiri ile lango likagongwa. Alikuwa Anyona mwenyewe, amevaa suti ya kanisani, na pamoja naye wazee wawili wa kanisa na kreti ya soda. Kumbukeni kwamba Anyona na Jethro huabudu kanisa moja, hukaa benchi moja. Alichagua Sabato kwa sababu alijua Jethro hawezi kumfukuza mgeni siku hiyo.

"Sabato njema, mzee wangu."

"Sabato njema. Karibuni ndani."

Wakaomba, wakanywa soda, wakasifu mvua. Kisha Anyona akasema, kwa sauti ya mtu mwenye uchungu, "Mzee, sisi ni watu wa Mungu. Tutapelekana kortini kama watu wasiojuana? Mimi sitaki kitu. Huyu ni mtoto wangu pia. Aseme tu pole, mbele yenu wazee, nami nitaondoa malalamiko yangu kule polisi. Yaishe."

Jethro akahisi mabega yake yakilegea. Yaishe! Alikuwa amepatanisha ndugu waliogombea mipaka, na wake na waume, kwenye viti hivyo hivyo. Hakuna neno alilolipenda kama hilo. Akamwita Lavender.

"Tata," msichana akamwambia babake, amesimama mlangoni, "niombe msamaha kwa kosa gani? Mfereji hauna maji. Mama jana alichota mtoni."

"Sijakuuliza habari za mfereji."

"Wakili alisema nisi..."

"Wakili ndiye aliyekuzaa?" Jethro hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kelele. "Unataka niwaambie nini wazee hawa? Kwamba katika nyumba ya Ombui mtoto anakataa amani? Sema pole, mama. Maneno tu. Hayakuvunji mfupa."

Lavender alimtazama. Alitazama kama mtu anayengoja basi ambalo ameshajua haliji. Mmoja wa wale wazee, Mose, akatoa simu, akasema anaweka kumbukumbu ya upatanisho kwa ajili ya kanisa. Anyona akamsaidia msichana maneno, neno kwa neno: kwamba aliyosema kuhusu mradi wa maji hayakuwa ya kweli, na anaomba radhi. Lavender akayarudia. Jethro akafunga kwa sala na wote wakasema amina.

Jioni ile Jethro alikula kwa furaha. Lavender hakula.

Jumapili video ya msamaha ilikuwa kwenye kila simu. "Kumbe alikuwa mwongo!" watu waliandika, na wengine wao ni wale waliomtuma. Jumatatu, kabla wakili hajafika kutoka Kisii, wapelelezi walikuja nyumbani, wakachukua simu yake, wakamchukua na yeye. "Amekubali mwenyewe kwamba ni uongo," mmoja akamwambia Jethro, akimwonyesha sebule yake mwenyewe kwenye kioo cha simu, viti vyake, vitambaa vyake, na sauti yake ikisema amina.

Jethro akampigia Anyona. Alipiga tena na tena mpaka simu ikapokelewa.

"Mzee, sasa hiyo iko mikononi mwa serikali," Anyona akasema. "Mimi nimeshasamehe."

Sitawachosha na habari za korti. Lavender alipata dhamana, na kesi ikaanza kutajwa na kuahirishwa, kutajwa na kuahirishwa. Asubuhi za kesi baba na binti walishuka mlima kwenda Nyamira, binti mbele, baba nyuma. Macho Yetu ikanyamaza. Wakati huo dawa ziliisha kwenye zahanati, na mwanamke mmoja akaja mpaka kwao kumsihi aandike. Lavender akamjibu kwa upole, "Mama, mimi ni mwongo. Si mlisikia nikisema?" Jethro alikuwa jikoni, akayasikia yote. Aliweka kikombe chini bila kumaliza chai.

Kisha likaja lililomvunja kabisa. Upande wa mashtaka ulimwita yeye, Jethro Ombui, kuwa shahidi dhidi ya binti yake. Msamaha ulitolewa nyumbani kwake, mbele yake. Ni nani angeaminika kuuthibitisha kuliko baba mzazi?

Wakili Nyanchoka alipinga. Alisema maneno ya sebuleni hayawezi kuhesabiwa kisheria kuwa ni kukiri kosa. Hakimu akasema ataliamua hilo baadaye, shahidi aendelee. Jethro akashika Biblia, akaapa. Mtu huyu hakuwahi kusema uongo chini ya kiapo, na hakuwa na nia ya kuanza.

"Mshtakiwa alisema kwamba habari zake hazikuwa za kweli?" kiongozi wa mashtaka akauliza.

"Ndiyo."

"Ulimsikia kwa masikio yako?"

"Nilimsikia."

Lavender aliinamisha kichwa. Kisha wakili wake akasimama, na akauliza kwa utulivu, "Mzee, ni nani aliyemwambia aseme hivyo?"

Jethro alitazama mabenchi. Anyona alikuwapo. Mose alikuwapo na nusu ya kanisa pia. Alijua kwamba akijibu, hatasimama tena mbele ya waumini hao kama mzee wao, maana mzee wa kanisa aliyemlazimisha mtoto kusema uongo siku ya Sabato atawahubiria nini? Alijua pia kwamba akinyamaza, mtoto huenda akafungwa.

"Ni mimi," akasema.

"Ulijua ukweli ni upi?"

"Nilijua. Maji hayapo. Hayajawahi kuwapo. Mke wangu huchota mtoni." Akamgeukia Lavender. "Binti yangu alisema kweli, na mimi ndiye niliyemfanya aikane."

Hakimu alimwachilia Lavender. Alisema maneno yaliyokamuliwa namna ile hayawezi kumtia mtu hatiani, na kwamba hakuna aliyeithibitishia korti kuwa mfereji ule una maji. Anyona alitoka kwa mlango wa kando. Kanisani, Jethro alivuliwa uzee wake, na hakulalamika.

Baada ya muda alimwuliza binti yake, "Utaandika tena?"

"Sijui, Tata. Nimechoka kusema peke yangu."

Asubuhi iliyofuata mzee alivaa kofia yake, akamwambia alete simu. Wakaenda wote wawili mpaka kwenye mfereji. Lavender akainua simu, akamwelekezea babake.

"Anza basi," Jethro akamwambia.

"Leo anza wewe. Sema jina lako kwanza."

Mzee akavua kofia. "Naitwa Jethro Ombui," akasema, "baba yake Lavender." Akaufungua mfereji. Ukapuliza hewa.

Funzo

Wazazi, amani inayonunuliwa kwa uongo wa mtoto wako si amani, na aliyeiomba anaijua bei yake. Mtoto akiitwa na polisi kwa sababu ya alichoandika, mtafutieni wakili kabla hamjaandaa viti. Katiba imempa haki ya kunyamaza, nanyi msimnyang'anye kwa ajili ya heshima yenu. Na nyinyi mnaowatuma vijana wawasemee, sheria inaweza kuwatetea mahakamani lakini haiwezi kukaa nao kwenye benchi la korti. Mkae nao nyinyi.

Mfereji wenyewe bado unatoa hewa. Nendeni mkaufungue, na mkifika semeni majina yenu.