Kikohozi cha Zizi la Pili

Asubuhi ile mlinzi alipofungua zizi la pili, alimkuta ng'ombe wa tatu amekufa, povu la damu puani. Daktari wa mifugo alimpasua palepale. Mapafu yalijaa vinundu vya kifua kikuu. Na hilo, jamani, ndilo zizi la waliochanjwa, wakachanganywa na wagonjwa ionekane kama chanjo inakinga!

"Chanjo yako ndiyo inayoua," alifoka mkurugenzi wa kituo. "Jioni wote wachinjwe, na kazi ifungwe."

Daktari alilia mbele za watu. Mama yake alikufa kwa ugonjwa huohuo, alioupata kwa maziwa mabichi, na chanjo hii ndiyo aliyomwahidi kaburini. Akaita polisi, akisema lazima kuna mtu aliyeiharibu.

Inspekta, mwanamke asiyependa porojo, alianza na mlinzi mwenye ufunguo wa friji ya chanjo.

"Ulizima friji?"

"Mimi, Afande? Soda yangu ningeiweka wapi?"

Friji ilikuwa baridi sawasawa. "Hata jua kidogo linaiua chanjo hii," Daktari alieleza. "Ni chanjo ya vijidudu hai."

Katika chumba cha chanjo walimkuta mchanjaji, mjomba wa Daktari, akifagia huku amejifunga kitambaa puani.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alimwamkia.

"Marahaba. Usisogee zizini, mwanangu. Kuna kifo kule."

Dirishani jua lilikuwa linawaka. Kwenye vumbi la kizingiti cha dirisha kulikuwa na alama za duara, saizi ya vitako vya chupa. Mzee akaokota chupa za chanjo zilizotumika, mikono mitupu, akazitupa ndooni.

Inspekta alizitazama chupa, kisha zile alama za dirishani. Alimvuta Daktari hadi zizini.

"Chanjo ikiingia, inaacha alama?"

"Uvimbe shingoni. Mjomba ndiye aliyewapapasa. Alisema wote wamevimba."

Wakapapasa wenyewe. Shingo laini. Laini. Laini tena. Ng'ombe mweupe peke yake ndiye aliyekuwa na uvimbe, na ndiye peke yake asiyekohoa.

"Huyu nilimchanja mimi, kwa chupa niliyoitoa moja kwa moja kwenye friji," Daktari alisema.

Mzee alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni.

"Mzee," Inspekta aliuliza, "unafunika pua kwa kufagia tu. Mbona chupa za vijidudu hai unazishika bila glavu?"

Mzee aliificha mikono nyuma. Inspekta akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu ulijua vimekufa. Ulizianika chupa dirishani kabla ya kuchanja."

Mzee alivua kitambaa.

"Alisema *hai*! Kifua kikuu hai, ndani ya sindano! Dada yangu alitema damu mapajani mwangu. Nikaapa hakitaingia tena kwenye ukoo wetu kikiwa hai."

"Nilikuambia vimedhoofishwa, Mjomba! Haviui!"

"Hata mama yako walituambia ni mafua tu."

Daktari alikunja ngumi. Alimpenda mzee huyu, ndiye aliyemlea, na sasa alitamani kumpiga.

"Nilitaka kukulinda, mwanangu. Wewe ndiye uliyebaki."

Ndani ya zizi ng'ombe mmoja alikohoa, kikohozi kirefu chenye maji. Mzee akajishika kifua.

"Unasikia? Ndivyo alivyokohoa mama yako."

"Nasikia, Mjomba. Huyo ni mmoja wa wale uliowachanja chanjo iliyokufa."

Inspekta alitoa pingu, akangoja kikohozi kiishe kwanza. Hakikuisha. Mzee akanyoosha mikono mwenyewe.