Besi Iliyojibu Msituni Malava

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa moja na dakika ishirini jioni. Kabla ya saa hiyo Milcah alikuwa mjane tu, kama wajane wengine wa Kabras.

Alitoka nyumbani na chupa ya chai, akakata katikati ya miwa hadi ukingo wa msitu. Kwaya ya kigango ilikuwa imeshafika. Kila Ijumaa walihesabu bundi, popo na komba kwa niaba ya watafiti, na njia yao ilikuwa moja: waimbe wimbo mmoja, wanyamaze dakika kumi, waandike kila kinachojibu. Bundi walipenda besi, sauti nzito ya chini. Ya Philip, mumewe Milcah, waliijibu kuliko zote.

Philip alizikwa Januari.

Tangu mazishi Milcah hakukanyaga pale. Ila Jescah, dada yake Philip, alimbembeleza wiki nzima: wifi, njoo jioni moja tu, sauti ya pili imepungua. Angemkataliaje? Jescah ndiye aliyekesha naye kitandani pa mgonjwa. Usiku wa mwisho alimtuma Milcah jikoni akakoroge uji, na aliporudi akamwambia, "Ameondoka kimya. Hakusema neno." Faraja ya Milcah ilikuwa hiyo tu: kwamba hakuna neno lililompita.

Wangila, mwanakwaya aliyeshika kadi ya hesabu, akamtania Milcah kwamba akipandisha sauti, popo watahamia Lugari. Wakacheka kidogo. Wakaimba.

Wimbo wao ulikuwa wa kupokezana. Katika ubeti wa tatu besi huuliza peke yake, "Nani atanifungulia?" Sauti ya pili hujibu, "Ni mimi, ingia." Ubeti huo waliuacha. Hawakuwa tena na besi ya kuuliza peke yake.

Wakanyamaza.

Dakika ya kwanza, nyenje. Ya pili, komba akalia mbali, kama mtoto. Kisha nyenje wakakatika wote kwa pamoja...

Ikaja harufu ya miwa iliyochomwa. Wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na hakuna aliyechoma shamba. Lakini Philip alikuwa mkata miwa. Hiyo ndiyo harufu aliyorudi nayo nyumbani kila siku.

Halafu, kutoka gizani, taratibu, kwa sauti nzito:

"Nani atanifungulia?"

Miaka ishirini kwenye kwaya haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Kinywa cha Milcah kilifunguka chenyewe.

"Ni mimi, ingia."

Akajiziba mdomo kwa kanga. Tawi likavunjika. Jescah alikuwa amepiga magoti kwenye majani.

"Nisamehe, wifi," alinong'ona. "Nilimrekodi."

Yakamtoka yote. Usiku ule Philip hakuondoka kimya. Aliimba, na alipomaliza akamwita Milcah, mara mbili. Jescah aliishika simu wala hakwenda kumwita, kwa kuwa aliitaka sauti ile safi, bila kilio juu yake. Baada ya mazishi bundi waligoma kujibu kwaya. Basi kila Ijumaa akawa anakuja mapema peke yake, anawapigia bundi ile rekodi ya marehemu. Mara ya kwanza walijibu bundi. Mara ya tatu kilijibu kitu kingine, kwa sauti ileile. Na kila kilipojibu kilimuulizia Milcah.

"Ndiyo maana ukanileta?"

Jescah akainamisha kichwa. "Kilisema kikikupata wewe, kitaniacha mimi."

Milcah alimtazama mtu aliyekula naye sahani moja tangu aolewe.

"Zima hiyo simu."

"Simu iko nyumbani," alisema Jescah. "Imekufa tangu Jumanne."

Wote walirudi nyumbani. Kwenye kadi ya Ijumaa hiyo Wangila aliandika: komba mmoja, bundi hakuna. Alichokisikia yeye mwenyewe hakukiandika.

Tangu hapo sauti huja kila Ijumaa, saa ileile. Kwanza ilikuwa msituni. Kisha kwenye miwa. Juzi ilikuwa nyuma ya jiko, na harufu ikapenya chini ya mlango. Milcah hutia komeo, akaweka kiti nyuma ya mlango, akashika rozari, akaomba polepole hadi kuche:

Ee Bwana, mpokee Philip, mtumishi wako, aliyeniita nami sikuwepo. Mpe pumziko alilokosa kitandani pake. Na kama yuko kwako, Baba, mfungie mlango huyu anayebisha kwa sauti yake. Nilimwambia aingie, sikujua. Amina.